Mficha Uchi Hazai: Upasuaji wa Matundu Madogo na Saratani ya Puru

Askari hufundishwa tangu siku ya kwanza kuripoti kila hitilafu ya silaha yake. Akiona kutu katika mtutu, huisafisha siku ile ile. Risasi ikikwama, hangoji kesho. Lakini askari huyo huyo akiona damu chooni, huweza kukaa miezi minane bila kumwambia mganga wa kambi wala mkewe. Aibu humfunga kinywa mtu ambaye hata risasi haikumtisha.

Na tuchukue mfano wa baba wa familia, umri wake miaka 48, akaaye mtaa wa Buyenzi au Ngagara jijini Bujumbura. Kwanza aliona damu kidogo juu ya choo, akasema ni bawasiri. Baadaye alianza kwenda msalani mara tano au sita kwa siku, na kila atokapo huhisi kana kwamba haja haikwisha. Alinunua vidonge vya amiba dukani. Vilipokwisha, alinunua mizizi sokoni. Mkewe akamwuliza, "Baba watoto, mbona mkanda umeongezwa tundu?" Naye akajibu kwamba ni uchovu wa kazi. Huu ni mfano tu, wala si kisa cha mtu fulani; lakini ni familia chache zitakazouona kuwa mgeni.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Katika maradhi yanayozungumzwa hapa, mficha uchi huweza pia kukosa kupona. Jambo hili lina uzito zaidi siku hizi, kwa kuwa ufundi wa upasuaji umepiga hatua kubwa. Uvimbe ambao zamani ulihitaji tumbo kupasuliwa toka kitovuni hadi kinenani, leo huweza kuondolewa kwa kupitia matundu madogo, na pengine bila ngozi kukatwa hata kidogo. Lakini milango hiyo midogo humfaa zaidi yule anayefika mapema.

Puru ni nini, na saratani huanzaje?

Puru ni sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, yenye urefu wa sentimita 15 hivi, inayoishia kwenye njia ya haja kubwa. Kazi yake ni kuhifadhi choo mpaka mtu apate nafasi ya kwenda msalani. Imekaa ndani ya mfupa wa nyonga, mahali pembamba penye giza. Mbele yake kipo kibofu, na kwa wanaume tezi ya kiume, au kwa wanawake mji wa uzazi. Pembeni hupita mishipa midogo ya fahamu inayotawala mkojo na nguvu za unyumba. Mpasuaji afanyaye kazi katika puru ni kama fundi anayetengeneza saa ndani ya chungu chenye shingo nyembamba.

Mara nyingi saratani hii huanza kama kinyama kidogo kisicho na maumivu, kilichoota katika ukuta wa ndani wa utumbo. Kinyama hicho huweza kuchukua miaka 10 hivi kabla ya kugeuka saratani. Muda huo mrefu ni rehema, kwani kikionekana mapema hukatwa kwa waya mwembamba unaopitishwa ndani ya mpira wa uchunguzi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Wakazi wa Bujumbura wana sababu nyingine ya kudanganyika. Damu katika choo hailetwi na saratani peke yake. Amiba huileta, bawasiri huileta, na kichocho cha matumbo, ambacho kimejulikana kwa miaka mingi katika bonde la Rusizi na kando ya Ziwa Tanganyika, nacho huileta. Kwa hiyo mtu huona dalili, huchagua jina la ugonjwa asiouogopa, kisha hujitibu. Wengi wao huwa wamepatia. Lakini yule aliyekosea hujua kosa lake wakati umekwisha kupita.

Daktari wa jeshi aliyeuliza maswali Uganda

Afrika ya Mashariki ina nafasi yake katika historia ya ugonjwa huu. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyetumika katika kikosi cha matibabu cha jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, alikwenda Uganda mwaka 1946, na baadaye akafanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Alikuwa na jicho moja tu, kwa maana la pili alilipoteza akiwa mtoto. Dunia inamkumbuka hasa kwa saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958, ambayo hata leo huitwa kwa jina lake.

Lakini Burkitt aligundua pia kwamba saratani ya utumbo mpana na puru, iliyokuwa ya kawaida Ulaya, ilikuwa adimu katika hospitali za vijijini Afrika. Aliziandikia hospitali nyingi za bara hili kuulizia magonjwa waliyoyaona, na mwaka 1971 akatoa maelezo yake: watu wa vijijini walikula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, choo chao kikawa kingi na laini, nacho hakikukaa sana tumboni. Wataalamu waliofuata wamesahihisha sehemu za maelezo hayo, lakini shauri lake la kula nyuzinyuzi limedumu.

Funzo hilo linahusu jiko la kila nyumba. Maharage, sombe, lengalenga, mahindi ya kuchemsha, matunda na unga usiokobolewa sana, yote hayo ni chakula cha Burundi tangu zamani. Mji umeleta desturi nyingine: mkate mweupe, soseji, mishikaki ya kila jioni na chupa za bia pembeni. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba nyama za kusindikwa, kama soseji, huleta saratani ya utumbo mpana, na kwamba nyama nyekundu yaelekea huchangia. Pombe na tumbaku nazo zimo katika orodha ya washitakiwa. Hakuna aliyesema mtu asionje mshikaki. Kinachosemwa ni kwamba mshikaki usichukue mahali pa maharage.

Safari ndefu ya kisu

Ili kuyathamini matundu madogo ya leo, yafaa kukumbuka kulikotoka. Mwaka 1826, mjini Paris, Jacques Lisfranc, daktari aliyewahi kutumika katika jeshi la Napoléon, aliondoa uvimbe wa puru kwa kukata kutoka chini. Dawa ya usingizi ilikuwa haijapatikana. Mgonjwa alishikwa na watu wenye nguvu, na sifa ya kwanza ya mpasuaji ilikuwa ni wepesi wa mkono.

Mwanzoni mwa karne ya 20, William Ernest Miles wa London alifanya jambo ambalo kila mtu mwaminifu katika kazi yake hulifanya: aliwahesabu walioshindwa. Katika wagonjwa 57 aliowapasua kwa kupitia chini tu, saratani iliwarudia 54. Alipochunguza maiti zao, aliona kwamba ugonjwa ulikuwa umepanda juu kwa kufuata tezi za limfu. Basi mwaka 1908 alieleza upasuaji mpya wa kuingia tumboni na chini kwa pamoja, kuondoa puru yote, na kumwachia mgonjwa tundu la choo tumboni maisha yake yote. Uliokoa watu wengi, lakini bei yake ilikuwa kubwa.

Mabadiliko makubwa yaliyofuata yalitoka Basingstoke, mji mdogo wa Uingereza. Mwaka 1982 mpasuaji Bill Heald na wenzake walieleza kwamba puru imefungwa ndani ya ala ya mafuta, kama vile mhindi ulivyofungwa katika maganda yake. Vijidudu vya saratani vinavyotoroka kwanza hujificha ndani ya mafuta hayo. Ala hiyo ikitolewa nzima, bila kuchanika, ugonjwa hurudi kwa wachache sana. Ikichanika, mbegu hubaki shambani. Tangu hapo wapasuaji wa dunia nzima hupimwa kwa swali moja: je, umeitoa ala nzima?

Matundu madogo hufanya kazi gani?

Upasuaji wa matundu madogo haukuanza jana. Georg Kelling wa Ujerumani aliutazama tumbo la mbwa kwa darubini nyembamba mwaka 1901, na Hans Christian Jacobaeus wa Sweden aliwafanyia hivyo binadamu kuanzia 1910. Lakini ilipita miaka mingi kabla darubini ya kutazamia haijawa njia ya kutibia. Erich Mühe, Mjerumani, aliondoa kifuko cha nyongo kwa njia hiyo mwaka 1985, naye Philippe Mouret wa Lyon, Ufaransa, akafanya hivyo mwaka 1987. Katika miaka ya 1990 wapasuaji wakathubutu kuuendea utumbo mpana na puru.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Mgonjwa hulazwa usingizi kamili. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni dioksaidi ili ukuta wake uinuke mfano wa hema, na mpasuaji apate nafasi. Matundu manne au matano hutobolewa, kila moja likiwa na upana wa milimita 5 hadi 12. Katika moja hupita kamera yenye taa, nayo huonyesha picha iliyokuzwa kwenye skrini. Katika mengine hupita mikasi, koleo na vyombo vya kuziba damu, vyembamba na virefu. Kitanda huinamishwa kichwa chini ili matumbo yajisogeze juu. Ndipo mpasuaji huifuata ala ya mafuta polepole, akiitenganisha na mishipa ya fahamu pande zote. Mwishoni hukatwa tundu moja kubwa kidogo la kutolea kipande chenye ugonjwa, na ncha mbili za utumbo huunganishwa kwa mashine maalumu ya kushonea.

Faida zake zinajulikana. Damu inayopotea ni chache, maumivu hupungua, matumbo huanza kazi mapema, na mgonjwa huondoka hospitalini siku chache kabla ya mwenzake aliyepasuliwa tumbo lote. Kwa mtu ambaye familia yamtegemea, siku hizo si haba.

Njia nyingine ni fupi zaidi. Kwa uvimbe mdogo ulio kwenye tabaka la juu tu la ukuta wa puru, mpasuaji huweza kupita katika njia yenyewe ya haja kubwa na kuukata kutoka ndani, bila kovu lolote tumboni. Gerhard Buess wa Ujerumani alibuni vyombo vya kazi hiyo mwaka 1983. Lakini njia hiyo haifai kwa uvimbe uliokwisha kuzama, kwa sababu haiondoi tezi za limfu. Ni zawadi ya aliyewahi.

Ukubwa wa jeraha si kipimo cha tiba

Hapa pana jambo ambalo familia hazina budi kulielewa, hasa zile zinazodhani kwamba mgonjwa asiyepata matundu madogo amepewa tiba ya daraja la pili. Utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali 30 za nchi 8, na kutangazwa mwaka 2015, uliwafuata wagonjwa 1,044 wa saratani ya puru. Wengine walipasuliwa kwa matundu madogo, wengine kwa njia ya kawaida. Baada ya miaka mitatu, ugonjwa ulikuwa umerudi katika nyonga kwa wagonjwa 5 kati ya kila 100, katika makundi yote mawili sawasawa.

Mwaka huo huo watafiti wa Marekani, na wale wa Australia na New Zealand, walitoa tahadhari: walipokipima kipande kilichotolewa, hawakuweza kuthibitisha kwamba matundu madogo hukitoa kwa ukamilifu ule ule. Walipowafuata wagonjwa wao kwa miaka miwili, hawakuona tofauti kubwa ya maisha. Nayo roboti ya upasuaji, yenye bei ya kutisha, ilijaribiwa kwa wagonjwa 471 na matokeo yakatangazwa mwaka 2017. Haikuthibitika kuwa inapunguza ile haja ya kuacha matundu katikati ya kazi na kulipasua tumbo.

Maana yake ni nini? Ni kwamba mpasuaji mzoefu anayeitoa ala nzima kwa jeraha refu ni bora kuliko asiye na uzoefu anayeichana kwa matundu mazuri. Tena mpasuaji akianza kwa matundu kisha akaona hatari, akalipasua tumbo, hakushindwa. Kamanda mwenye busara hubadili mpango uwanja unapobadilika. Familia isimwulize daktari "Je, jeraha litakuwa dogo?" kabla ya kumwuliza "Je, ugonjwa umefika wapi, na utatolewa wote?"

Kisu nacho hakifanyi kazi peke yake. Uvimbe uliozama hutanguliziwa mionzi, pengine pamoja na dawa za saratani, ili usinyae na usirudi. Huduma hizo hazipo kila mji. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, na Kigali hospitali ya jeshi ya Kanombe ilianza kutoa mionzi mwaka 2019. Upande wa mafunzo, mwaka 2023 kituo cha kufundishia upasuaji wa matundu madogo, tawi la taasisi ya IRCAD ya Strasbourg, Ufaransa, kilifunguliwa Kigali. Burundi pia ni mwanachama wa chuo cha wapasuaji wa Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini. Kwa hiyo ufundi huu haupo tena ng'ambo ya bahari tu, unasogea karibu.

Hofu ya mfuko

Wagonjwa wengi hawaogopi kifo kama wanavyoogopa mfuko wa choo ubandikwao tumboni. Hofu hiyo yafaa izungumzwe kwa uwazi. Mara nyingi mfuko ni wa muda: utumbo mwembamba hutolewa nje kwa miezi miwili au mitatu ili mshono wa ndani upone bila kuguswa na choo, kisha hurudishwa. Mfuko wa kudumu huhitajika hasa pale uvimbe unapokuwa chini sana na kuushika msuli wa kufungia choo.

Aliye na mfuko huweza kufanya kazi, kusali, kusafiri na kuishi na mwenzi wake. Kinachomwumiza zaidi mara nyingi ni ukimya wa nyumba. Mke anayejifunza kubadilisha mfuko bila kukunja uso, au mume afanyaye hivyo kwa mkewe, humponya mwenzake sehemu ambayo kisu hakiwezi kuifikia. Ni wajibu vilevile kumwambia daktari mapema kuhusu mambo ya unyumba na mkojo, kwa kuwa mishipa yake hupita jirani na puru, na huweza kuguswa hata na mkono hodari.

Mbunge wa Kibra

Mwaka 2019 Waswahili wengi walishtushwa na habari za Ken Okoth, Mbunge wa Kibra, jijini Nairobi. Alijitokeza hadharani akasema kwamba ana saratani ya utumbo mpana, na kwamba iligunduliwa ikiwa imekwisha kufika daraja la nne, yaani imesambaa mbali. Alitibiwa Paris, mji ambao haukosi vyombo wala mabingwa. Alifariki tarehe 26 Julai 2019, umri wake miaka 41.

Kusema kwake kulikuwa ni utumishi. Alionyesha kwamba ugonjwa huu si wa wazee peke yao, na kwamba hata Paris haina kisu cha kuurudisha nyuma muda uliopita. Hesabu za Marekani zasema vivyo hivyo: kati ya wagonjwa 100 ambao saratani ya puru haijatoka mahali pake, 90 hivi huwa hai baada ya miaka mitano. Ikiwa imekwisha kufika katika ini au mapafu, hao hawafiki 20.

La kufanya nyumbani na kambini

Dalili za kutopuuzwa ni hizi: damu katika choo, hata kidogo, mabadiliko ya choo yanayozidi wiki tatu, kuhisi haja isiyokwisha, choo chembamba kama kamba, kukonda bila sababu, na uchovu utokanao na upungufu wa damu. Aliye na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua ugonjwa huu asingoje dalili, bali aende kuomba ushauri mapema. Wasio na dalili nao, wakifika umri wa miaka 45 au 50, wakipata nafasi wapimwe.

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji mashine. Daktari huvaa glavu na kupima kwa kidole, kazi ya dakika moja, na uvimbe mwingi wa chini hugunduliwa hivyo. Baada ya hapo hufuata mpira wenye kamera na kipande kidogo kinachopelekwa maabara. Anayetibiwa amiba au bawasiri na damu isikome arudi akaseme, "Nimemaliza dawa, bado naona damu, naomba nipimwe." Si utovu wa adabu. Ni ripoti.

Jijini Bujumbura, Hospitali ya Kijeshi na ile ya Chuo Kikuu zote zipo Kamenge. Kwa askari wengi wa mji huu, umbali wa kufika huko ni mdogo kuliko zile doria walizotembea usiku. Mke aliyeona mkanda ukiongezwa tundu asikubali jibu la uchovu wa kazi. Na amshike mkono waende pamoja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa wa ugonjwa huu, ukiwahiwa, huzibwa kwa tundu lisilozidi upana wa ukucha.